Birika la Kaburu Lirudishwe Jikoni

Kutoka kwa Mildred Musimbi,
Jikoni, nyuma ya ofisi za Chama,
Eldoret.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Historia cha Kaunti,
Ofisi ya mbele, mlango wa pili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu Amolo,

KUH: BIRIKA KUFUNGIWA NDANI YA KIOO NA KUPELEKWA NAIROBI JUMATATU

Nakusalimu kwa heshima zote. Najua tulionana asubuhi ukaniuliza magoti yangu yanaendeleaje, lakini hayo yalikuwa ya magoti. Haya ni ya ofisi, na katika chama hiki nimejifunza kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea.

Usishangae kuona ni mwandiko wangu. Shule sikuenda hata siku moja. Baba yangu alisema ng'ombe hawajui kusoma na bado wanatoa maziwa. Herufi nilizijulia hapa kwenu, miaka kumi na tisa nikipangusa vumbi kwenye vibandiko vya maonyesho. Herufi ya S niliitoa kwa SHOKA, ya M nikaitoa kwa MKUKI, na sentensi ya kwanza niliyoisoma nzima maishani mwangu ilikuwa TAFADHALI USIGUSE. Kwa hivyo ukiona barua hii ina ukali, ukali huo ni wenu, nimeukopa ukutani.

Sasa nieleze jambo. Birika la Kaburu unalijua. Ni lile jeusi, kubwa, lililokuja juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe zaidi ya miaka mia iliyopita, lenye bonde ubavuni ambalo wewe huwaambia watoto wa shule lilipatikana gari lilipopinduka likivuka Mto Sosiani. Tangu niajiriwe, birika hilo limekuwa na kazi mbili bila kulalamika. Asubuhi linakaa mezani linatazamwa, alasiri linakuja kwangu linachemka. Asubuhi ni historia, alasiri ni birika. Hakuna mtu aliyewahi kuumia.

Wiki sita zilizopita katibu wetu mpya, Diana, aliingia jikoni akiwa amevaa glavu. Nilidhani amekuja kunisaidia kuosha vyombo, nikafurahi. Kumbe amekuja kulichukua birika. Akalifungia ndani ya kabati la kioo, kufuli mbili. Sasa nimesikia Jumatatu linapelekwa Nairobi, wataalamu walikwangue kidogo wajue umri wake kamili, halafu likae huko kwa nyumba kubwa ya makumbusho ambako hakuna mtu anayelijua jina.

Simchukii Diana. Ni mtoto mzuri, ana digrii mbili na hana nyama hata ya kumtosha mgongo mmoja. Kila siku namwekea uji, naye ananiambia Shosho, niko sawa. Hayuko sawa. Lakini tusichanganye mambo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Birika lenyewe linateseka. Bati la miaka mia moja linaishi kwa moto. Ukilinyima moto linakufa kama mzee aliyenyimwa maongezi. Na utamu wa chai ya chama hiki, naomba iandikwe, haukuwa wa majani wala maziwa wala mkono wangu. Ulikuwa utamu wa umri. Hili si neno langu. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka juzi wewe mwenyewe ulisimama, ukainua kikombe, ukasema, "Ladha hii huwezi kuipata kwa chombo cha kisasa. Hapa mnakunywa karne nzima." Watu walipiga makofi. Kinyanjui, mweka hazina, alitoa leso akapangusa macho. Sasa karne nzima imefungiwa kwa kufuli mbili na ninyi mnakunywa nini?

Na ujue Diana halijui birika hili. Alilipiga picha sita: mbele, nyuma, ubavu huu, ubavu ule, mdomo, na kitako. Hata mara moja hakufungua kifuniko. Mtu wa chai hufungua kifuniko kwanza.

2. Mikutano imeharibika. Badala ya chai mmeletewa lile dude la maji lenye bomba mbili, na vile vifuko vya majani vilivyofungwa kamba shingoni kama mbuzi wa mnada. Zamani kamati ilikuwa inakaa saa tatu. Watu wanagombana, wanakunywa, wanaoneana haya, wanakunywa tena, mwishowe wanakubaliana kutofanya lolote, na kaunti inakaa kwa amani. Mkutano wa juzi ulichukua dakika ishirini. Katika dakika hizo ishirini mliamua birika liende Nairobi. Unaona sasa. Watu wenye kiu wasipewe mamlaka.

3. Mzee Abdullahi. Hapa nakuomba uvae miwani usome polepole, kwa sababu mengine yote ni kelele, lakini hili ni la kweli.

Mzee Abdullahi amekuwa akija kila Alhamisi miaka miwili sasa kutusimulia lori la marehemu babake, lori la kwanza la Wasomali wa hapa kupanda kutoka Nakuru na sukari na vitambaa. Ninyi mlimwomba asimulie. Mimi nilimpikia chai yake ya iliki na tangawizi, nyeusi kwanza, ya maziwa baadaye, na kwa kila kikombe lori lilisonga kama maili mbili. Kwa miaka miwili limetoka Nakuru, limepanda milima, limevunjika ekseli mara mbili, limemchukua mama mmoja aliyekuwa mjamzito, na likafika Cheptiret wakati wa masika. Pale likazama kwa matope. Yule mama akashikwa na uchungu. Mzee akaweka kikombe chini, akasema, "Alhamisi ijayo, Inshallah."

Alhamisi hiyo ijayo ndiyo birika lilikuwa limefungiwa.

Nilimpelekea maji ya lile dude. Akaangalia kile kikombe cha plastiki, akakiangalia tena, akaniambia kwa upole, "Mama Mildred, maji haya ni ya kumezea dawa. Hayakumbushi mtu kitu." Akaongea juu ya mvua, akaaga. Alhamisi nyingine akaja, akaongea juu ya bei ya mbuzi. Diana ana kinasa sauti kipya kidogo kama njugu. Kimenasa dakika arobaini za Mzee akikohoa. Wiki mbili hizi hakuja kabisa. Mkwe wake Zeinab ananiambia yuko nyumbani tu, anakaa kwa kiti, anaangalia barabara.

Mwenyekiti, lile lori liko Cheptiret wiki ya sita. Mama wa watu ana uchungu ndani yake wiki ya sita. Kinyanjui ananisimamisha kwenye korido kuniuliza kama nimesikia alizaa mvulana au msichana. Sijasikia. Hakuna aliyesikia. Mwenye kujua ni mtu mmoja duniani, ana miaka tisini na moja, na mtu wa miaka tisini na moja hawekwi akiba. Ninyi mnaenda kumkwangua birika asiyesema, mnamwacha mwenye kusema nyumbani na kiu.

4. Hii sheria ya umri. Diana alinieleza vizuri kwamba kitu kikishakuwa cha zamani hakitumiki tena, kinahifadhiwa. Sawa. Nilitembea na ufagio jioni hiyo nikihesabu vya zamani. Kiti unachokalia ni cha bwana DC wa mkoloni. Meza ya kamati ni mzee kuliko kiti. Choo cha nyuma kilijengwa na watu wa reli na bado mnaingia humo bila glavu. Tukianza kufuata sheria, tuanze na choo. Weka kioo mlangoni, kufuli mbili, na kibandiko. Wanachama watakaobanwa wavuke barabara.

Na tusiishie kwa vitu. Kinyanjui ana miaka themanini na anatumika kila siku, anapandishwa ngazi, anatumwa benki. Wewe mwenyewe nyonga yako ilibadilishwa, kwa hivyo sijui tukuandike mwaka gani. Mimi nimezaliwa kabla ya hii barabara kuwekwa lami na bado nainuliwa asubuhi kuja kusugua sakafu. Ama tunatumika sote, pamoja na birika, ama tunahifadhiwa sote, pamoja na birika. Historia haiwezi kuwa na wapendwa.

5. Kukwangua. Kwetu mzee hakwanguliwi ili ijulikane ana miaka mingapi. Anaulizwa, na akidanganya anaheshimiwa kwa uongo wake. Ninapinga kukwangua kwa nguvu zangu zote, kwa sababu za adabu tu, sina sababu nyingine.

Basi naomba kamati iamue moja kati ya haya kabla ya Jumatatu.

Birika lirudi jikoni. Hilo ndilo bora.

Kama haiwezekani, mimi niingizwe ndani ya kabati pamoja nalo, na jiko langu la makaa, na kiti cha Mzee Abdullahi. Nimepima kwa leso, tunatosha tukikunja miguu. Tutapika humo, atasimulia humo, na watoto wa shule watatutazama kupitia kioo. Kibandiko changu nimeshakiandika mwenyewe ili msisumbuke: MPIKA CHAI, MWAKA 1949 HIVI. TAFADHALI MSALIMU.

Na kama ni lazima liende Nairobi, basi twende sote. Mimi, Mzee, kamati yote, meza, kiti cha DC, na choo kama kinang'oka. Tukifika huko mtufungie pamoja, mwandike juu CHAMA CHA HISTORIA CHA KAUNTI, KILIKUFA KWA KIU. Hapo mtakuwa mmehifadhi kila kitu, na hapa Eldoret patabaki dude la maji peke yake likitoa povu.

Sina zaidi. Nisalimie mke wako, mwambie ile mbegu ya mrenda niliyomwahidi imekauka vizuri. Salamu kwa Kinyanjui, asipande ngazi mbili mbili. Salamu kwa bawabu, kwa watoto wote wa shule watakaokuja wiki ijayo, na kwa wataalamu wa Nairobi ambao sijawaona lakini naamini walizaliwa na mama. Diana mwambie uji uko kwa kile kibakuli cha buluu, na leo sitaki kusikia yuko sawa.

Ni mimi ninayewapikia, na sijachoka,
Mildred Musimbi.

Nyongeza kidogo, kabla sijafunga bahasha:

Nimeisoma barua hii mara ya pili na nimeona siwezi kuifunga hivi. Mwalimu, keti. Kwenye kiti cha DC, haidhuru.

Birika lililo ndani ya kioo si la Kaburu. La Kaburu liliungua miaka tisa iliyopita, ile siku mlipogombana juu ya nani kweli alikuwa wa kwanza kuchimba kisima kule Yamumbi. Ugomvi ulikuwa mtamu, nikasimama mlangoni kusikiliza, maji yakakauka, kitako kikatoka chote kama mkate. Nililibeba ndani ya leso hadi kwa Nyongesa, yule fundi wa jua kali wa Huruma. Akanitengenezea lingine kwa debe la mafuta ya kupikia, akalifukiza moshi siku mbili likawa jeusi. Lile bonde la Mto Sosiani alilipiga kwa nyundo Jumanne asubuhi. Bonde la kwanza lilikuwa kubwa mno, ikabidi tulipunguze.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kifuniko. Ndani yake utaona nusu ya ua la alizeti na neno PIKA. Nilijua kulisoma hata wakati huo, ile P nilikuwa nimeitoa kwa PEMBE.

Kwa hivyo ile karne uliyoinua kwenye kikombe mwaka juzi ilikuwa na miaka saba. Makofi hatuwezi kurudisha. Ila nakuuliza, kama Mkristo mwenzangu: chai haikuwa tamu?

Basi wapeni wataalamu lile la kweli. Liko kwangu kwa dirisha la jikoni, nimelikalisha juu ya sahani na kupanda dania ndani. Diana aje alichukue na hizo glavu zake, anywe uji kwanza, na dania ahamishie kwa sufuria bila kuvunja mizizi. Walikwangue huko mpaka wachoke. Hilo la Nyongesa halina umri wa kupelekwa popote, kwa hivyo kwa sheria yenu linaruhusiwa kufanya kazi. Acheni funguo mezani.

Zeinab nimeshamwambia amlete Mzee Alhamisi. Nimenunua iliki. Huyo mama wa Cheptiret lazima azae wiki hii.