Vita vya Fumbo la Kumi na Nane Kwenda Chini

Sogezeni viti, enyi wenye masikio mazima na subira ya kutosha. Mwenye soga na aikate, mwenye chai na aiache ipoe, kwani nawaletea habari za vita ambavyo bunduki haikulia wala damu haikumwagika, ila bia kidogo, nayo ikafutwa palepale kwa kitambaa. Ni habari za Muriel Bickerdyke, Mfumua Mafundo wa Skelbeck, karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mitatu, ambaye kikohozi chake kimoja kiliwahi kumfanya mwizi wa baiskeli akiri na baiskeli nyingine mbili ambazo hakuna aliyemuuliza.

Uwanja wa vita ulikuwa meza ya dirishani katika baa ya Kengele Tatu. Kila Alhamisi, saa sita mchana ilipogonga, mashujaa watatu waliketi hapo, kila mmoja na nakala yake ya gazeti la asubuhi, na kila mmoja akaifungua chemshabongo ukurasa wa nyuma kama jemadari akunjuaye ramani ya nchi ya adui. Mkono wa kuume wa Muriel aliketi Alwyn Metcalfe, Tabibu wa Mifugo, mzee mpole aliyeitibu kila zizi la bonde lile kwa miaka arobaini. Mkabala naye aliketi Norris Pumphrey, Mpiga Kengele wa kanisa, mwenye mikono mirefu na sweta la kahawia alilofumiwa na dada yake, mtu ambaye Muriel alimpenda sana siku asipomshinda.

Adui wao hakuna aliyewahi kumwona. Alijiita Kunguni, kama ilivyo ada ya watunzi wa mafumbo kujipa majina ya kutisha, na alitunga kwa sheria ile ya kale: nusu ya fumbo iseme maana, sawa na kamusi; nusu ya pili ionyeshe jinsi neno lenyewe linavyoundwa; na kati ya hizo pasiwe na neno hata moja lililokuja kukaa bure. Fumbo likitimiza hayo ni halali, hata likikutoa machozi. Lisipotimiza ni batili. Hufutwa, na jedwali lako la chemshabongo huhesabiwa kuwa limejaa kana kwamba mwanya wake haukuwapo. Mwenye kuhukumu lipi halali na lipi batili ni mshika daftari la meza, liandikwamo kila hukumu na hesabu ya kila mchezaji, na mshika daftari kwa miaka kumi na tisa alikuwa Muriel.

Sasa sikieni kilichokuwa mizanini siku ile. Ukutani, juu ya kichwa cha Alwyn, palikuwa na kibao cha shaba cha mwalimu Hesketh, mshika daftari wa kwanza: majedwali mia saba aliyoyajaza mfululizo, bila pengo. Muriel naye alikuwa na mia saba. Jedwali moja tu lilibaki apite pale ambapo hakuna mwana wa Skelbeck aliyepita. Juma zima alikuwa akijiambia kuwa hajali, na juma zima alikuwa akiamka saa kumi alfajiri.

Ilipotimu saa saba na nusu, Muriel alikuwa amekwisha kuangusha mafumbo ishirini na saba, akiyapiga huku na huku, mengine yakijisalimisha kabla hajayafikia. Likabaki moja. La kumi na nane kwenda chini, herufi sita, likisema: *Iko ndoo, na ndani yake yumo mwenye sufu.*

Akalizunguka kama mji wenye kuta. Akalipiga kwa maji, akalipiga kwa kisima, akamkumbuka mfinyanzi, akamkumbuka mfua nguo. Akazipindua herufi, akazirudisha, akazipindua tena. Ukuta haukutikisika. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya pai ya nyama na figo, naye hakuisikia. Mbele yake Norris akatabasamu, akaandika herufi sita, akaweka kalamu mezani taratibu sana, kwa utaratibu ule wa kuudhi.

Saa nane kamili Gwenda, mwenye baa, akaweka pai mezani, akagonga kengele ya kufunga jiko. Kalamu zikaanguka. Na katika jedwali la Muriel Bickerdyke, kwa mara ya kwanza baada ya majedwali mia saba, palikuwa na mwanya mweupe.

"Haya, tuambie," akasema Alwyn. "Ni nini hicho?"

"Kondoo," akasema Norris.

"Kondoo yuko wapi?"

"Hapohapo, mzee. *Iko ndoo.* Toa ile i ya mwanzo, soma moja kwa moja. Kondoo. Ndani yake yumo, amekwambia yumo."

Wale wasiojua wajue sasa: fumbo la neno lililofichwa waziwazi katika maneno ya fumbo lenyewe ndilo fumbo la kwanza wanalofundishwa wanafunzi. Muriel alikuwa ametafuta nyundo ya kuvunjia mlango ulioachwa wazi.

"Miaka arobaini," Alwyn akanong'ona. "Nimewazalisha kwa mikono hii. Nimelala nao zizini."

"Usijitetee sana, daktari, watu watakuelewa vibaya," akasema Norris.

Alwyn hakucheka, alimgeukia Muriel kwa huruma. "Bibie, mimi naona fumbo hili lina kasoro. Lipige batili, tuhesabu mia saba na moja, tule. Pai inapoa."

"Ngoja kwanza," akasema Norris. "Aliyeshindwa ndiye ahukumu?"

Swali zito. Lakini sheria haikuwa na kifungu cha jambo hilo, kwa kuwa walioitunga hawakuwahi kufikiri kwamba Muriel angeshindwa.

Ndipo Muriel akainuka. Akaweka miwani sawasawa, akashika ukingo wa meza kama ashikaye kizimba, akanena kwa sauti iliyowanyamazisha hata wachezaji wa vishale waliokuwa wakilenga ubao kule pembeni:

"Enyi wenzangu wa meza hii. Sina ugomvi na ndoo. Kondoo amefichwa humo kwa haki, na aibu ya kutomwona ni yangu peke yangu. Lakini maana iliyotolewa ni ipi? *Mwenye sufu.* Ni nani asiye na sufu katika nchi hii ya baridi? Zulia la Gwenda lina sufu. Soksi zangu zina sufu. Tazameni sweta la Norris, tangu shingoni hadi kiunoni. Je, Norris ni kondoo?"

"Kuna watakaosema ndiyo," akasema Gwenda kutoka kaunta.

"Naomba hilo lisiandikwe," akasema Norris.

Watu wakaguna kukubali. Alwyn akagonga meza. Ushindi ulikuwa umelala chali miguuni pa Muriel, ukingoja tu akanyage. Akalifungua daftari kutafuta hukumu ya zamani ya kuuegemeza, kama walivyomzoesha mahakamani. Akapekua; mwaka juzi, mwaka wa mafuriko, mwaka wa Gwenda kufiwa. Mkono ukasimama.

Ukurasa ulikuwa wa miaka kumi na mmoja iliyopita, na mwandiko ulikuwa wake. Norris alikuwa ameshindwa na neno *bata*, ambalo maana yake fumbo liliitoa kwa maneno mawili: *mwenye manyoya*. Alipinga. Alisema mto wa kitandani kwake nao una manyoya. Na karani Bickerdyke aliandika, kwa wino uliojaa uhakika: *Mto umetiwa manyoya. Bata ameyaotesha. Halali.* Siku hiyo Norris alipoteza majedwali mia mbili na matatu.

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo vilipopiganwa vita vyenyewe, na uwanja wake haukuzidi upana wa kidole gumba kilichoshika pembe ya karatasi. Norris alikuwa amekwisha kuimaliza pai yake, akichokoa meno. Kwake bata yule alikwisha kuruka zamani. Alwyn hakukumbuka hata cha juzi. Kurasa mbili zikigeuzwa pamoja, nani angejua? Muriel akautazama ukuta, akalisoma jina la Hesketh, akaitazama ile mia saba. Kidole gumba kikainuka kidogo.

Kisha kikashuka.

Akakohoa. Akausoma ukurasa wote kwa sauti, tangu tarehe hadi saini.

Norris akaacha kuchokoa meno. "Bata yule," akasema polepole. "Nilikaa wiki nzima sikusemeshi."

"Nilidhani umepatwa na mafua."

"Ningekuwa mimi, Muriel, ningeufunga ukurasa huo nikanyamaza."

"Najua. Ndiyo maana hatukupi daftari."

"Basi sema kwamba siku ile ulikosea," Alwyn akasihi. "Norris arudishiwe mia mbili zake, na wewe uchukue yako moja. Kila mtu anakwenda nyumbani ana furaha."

Ulikuwa mtego mtamu kuliko wa kwanza, na Norris aliutazama kwa macho ya mtu anayekumbuka njaa. Muriel akatikisa kichwa.

"Sikukosea. Sweta Norris amevalishwa. Kondoo sufu ameiotesha. Kila neno limefanya kazi yake, na hakuna lililokaa bure." Akainua kalamu. "La kumi na nane kwenda chini ni halali. Andikeni: M. Bickerdyke ameshindwa. Hesabu yake inaanza upya."

Akaiandika mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu. Akatia nukta. Kisha akaketi, akavuta sahani, akala pai iliyopoa na njegere zake zote, mpaka Gwenda akamuuliza kama anataka nyingine. Akataka.

Waandikao habari za falme na waandike: katika Skelbeck, siku ya Alhamisi, saa nane na dakika kumi na saba mchana, mbele ya mashahidi watatu na wacheza vishale, kondoo mmoja alimwangusha Muriel Bickerdyke, naye, kabla hajajipangusa vumbi, akatamka kwamba kondoo yule alikuwa na haki.