Ngumi ya Raundi ya Pili

Redio ya kinyozi ilikuwa imeshaitangaza habari ile mara tatu tangu asubuhi, na kila ikitangaza, benchi la nje linalipuka upya: bingwa wa uzani wa kati kalazwa kwa KO raundi ya pili, na aliyemlaza ni kinyozi wa hapahapa, mwenye kiti na kioo chake nyuma ya pazia hili.

"Bahati!" alisema Takwimu, mzee aliyestaafu ukarani lakini hesabu zikagoma kustaafu. "Kacheza mapambano sita, matano kalazwa yeye. Hili la jana ni bahati ya mtende, kuota jangwani."

"Ufundi, mzee!" Dobi alimrukia. "Ngumi ile haikuokotwa njiani. Ililelewa, ikafunzwa, ikatumwa!"

"Nilimhesabia kwa hii," alisema Fundi Saa kutoka kwenye kisanduku chake, akigonga kioo cha saa mkononi. "Sekunde ishirini na sita bingwa hamjui hata mama aliyemzaa."

Dada Birika, muuza kahawa, alikuwa akiwamiminia. Kinyozi ni mdogo wake, tumbo moja. Promota alishatuma ujumbe: anataka marudiano mwezi ujao, na jibu kabla ya saa sita mchana. Mara tano Birika alimkokota nyumbani mdogo wake akiwa hajijui, mara tano akamlisha uji kwa kijiko huku kijana anamwita jina la shangazi yao marehemu. Kama ya jana ni ufundi, aende tu. Kama ni bahati, anakwenda kuuawa. Wenzake walidhani wanapiga soga. Yeye alikuwa mahakamani, anangoja hukumu.

"Wazee wangu, amueni basi," alisema. "Saa sita hiyo inakuja."

"Haraka ya nini, dada? Soga haziivi kwa moto mkali," alijibu Fundi Saa.

Pazia likafunguka, Kinyozi akatoka na kitana mkononi, jicho moja limevimba kama andazi.

"Shikamoo, bingwa!" Dobi alipiga saluti akiwa amekaa upande wake wa benchi.

"Bingwa wa kubahatisha," alisema Takwimu. "Ngumi ya ufundi, wajukuu zangu, huonekana inakoanzia. Nitazameni mimi." Akaegemea nyuma, kikombe mkono wa kulia, mguu mmoja juu, akakunja ngumi ya kushoto.

Dobi akainuka.

Sasa, benchi lile mguu wa upande wa Takwimu ulivunjika zamani. Linasimama kwa uzito wa anayekaa upande wa pili. Ndiyo maana pale kijiweni hakuna anayeinuka kabla ya kusema "nainuka" na kungoja mwenzake ajishike. Dobi hakusema. Takwimu akaenda chini chali, miguu hewani, kahawa kifuani.

"Moja! Mbili! Tatu!" Fundi Saa alihesabu hadi kumi. "KO!"

"Huyu kasahau tu!" Takwimu alilalama. "Ajali hii!"

"Nisahau?" Dobi alicheka. "Nakuvizia tangu Jumanne, uliponitangaza mtaa mzima kwamba nimeunguza shati lako. Nimengoja uegemee, nimengoja mguu unyanyuke, nimengoja kikombe kijae. Huo ndio ufundi, mzee!"

Takwimu alijifuta kahawa kifuani akipiga hesabu. Akisema bahati, Dobi hana kosa. Akisema ufundi, ubishi kashindwa.

Birika hakucheka. Alimgeukia mdogo wake. "Na wewe? Jana ulikuwa unangoja nini?"

Kinyozi akakitazama kitana. "Dada..."

"Sema."

"Nilifumba macho."

"Ulifumba nini?"

"Macho. Raundi ya kwanza alinitwanga mpaka nikasema liwalo na liwe. Nikafumba, nikarusha. Nilipofumbua, mwamuzi kanishika mkono, nikadhani ananipima kama bado ni mzima."

"Bahati!" Takwimu alishangilia kutoka chini. "Tena bahati kipofu!"

"Mpigie promota," alisema Birika. "Mwambie hupigani."

"Saa sita kasoro dakika tano," Fundi Saa aliongeza.

Kinyozi akapiga, sauti akaiachia wazi wote wasikie. Kabla hajasema kitu promota alimtangulia: "Kinyozi! Nilikuwa nakupigia. Marudiano hayapo, ndugu yangu. Bingwa kakataa."

"Kakataa? Kwa nini?"

"Anasema miaka kumi na miwili amekuwa akiwasoma wapinzani machoni, anajua ngumi itatokea wapi kabla haijatoka. Kwako hakusoma kitu. Anasema ufundi ule unatisha, hataki kukutana nao tena. Anauliza umefundishwa na nani."

Dobi alijaza mashavu kutaka kupasuka kwa kicheko. Birika akamwelekezea mdomo wa birika la moto, Dobi akameza kicheko chote. Kisha Birika akaichukua simu mkononi mwa mdogo wake.

"Mwambie amefundishwa na dada yake," alisema, uso mkavu, akakata.

Akamrudishia simu Kinyozi.

"Ingia ndani, mteja anakungoja. Na huyo mnyoe macho wazi."