Uzinduzi wa Sanduku la Filamu za Kale

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye leo ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru. Waheshimiwa wakurugenzi, manaibu wakurugenzi, makaimu wa manaibu wakurugenzi, na wanaowashikia nafasi makaimu waliosafiri. Ndugu wakusanyaji wa filamu za kale mliokwisha kutenga nafasi kwenye rafu zenu. Mama zangu, baba zangu, na wewe dereva wangu unayesinzia pale nyuma: itifaki imezingatiwa, na asiyetajwa ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Leo tunazindua rasmi toleo jipya la diski za kutazamia nyumbani, chini ya Projekti Jumuishi ya Kufufua Filamu za Kale, ambayo mimi binafsi, bila kusukumwa na mtu yeyote, niliibuni nikiwa kwenye foleni ya kinyozi. Hili hapa sanduku. Tazameni jalada gumu, tazameni namba ya nakala iliyopigwa mhuri, na tazameni kijitabu cha kurasa sitini na nne, ambapo kurasa sitini na moja zina picha yangu, kwa sababu mkusanyaji makini hupenda kujua mambo yalikotoka. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Filamu yetu ya kwanza ilibaki nakala moja tu duniani, mikebe minne, chini ya kitanda cha bibi huyu fundi cherehani aliyekaa mstari wa mbele. Marehemu dada yake ndiye aliyekuwa nyota wa filamu hiyo. Bibi aliikabidhi kwa mikono yake miwili, tukampa risiti yenye nakala tatu. (Makofi.)

(Bibi anasimama: "Mwanangu, mimi hayo masanduku sijui. Picha yake hata moja sina, na sura yake naanza kuisahau. Inaniuma. Niwashieni nimwone akicheka, basi, niende zangu.")

Asante, bibi, keti, fidibeki yako imepokelewa. Sasa, wataalamu walishauri kwamba mikanda ya zamani lazima isafishwe kabla ya kuingizwa kwenye diski, nasi kwa kufuata proseja neno kwa neno tukatangaza tenda ya usafi, akashinda mkandarasi yuleyule anayetufulia mapazia ya ofisi, mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa. Ndugu zangu, aliifanya kazi kwa moyo! Alitumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, akaanika siku mbili, akapiga pasi. Ripoti ninayo hapa: uchafu umetoka asilimia mia moja. Mikanda imetakata, ukiishika juani unaona mpaka ng'ambo, hakuna doa, hakuna mkwaruzo, hakuna mtu.

Wapo watakaosema tumeharibu. Hao hawana vishen, hawaoni mbali. Ni nchi ngapi zina filamu safi kiasi hiki?

Filamu za kale, hoyee! (Dereva peke yake: "Hoyee!") Usafi kwanza! (Dereva: "Kwanza!")

Kwa kumalizia, naishukuru komiti, ambayo itateuliwa. Nawashukuru mafundi wa diski, ambao tutawatafuta. Na naishukuru projekti yenyewe, ambayo itaanza mara tu itakapoidhinishwa. Zaidi ya wote namshukuru bibi, kwani kwa sasa filamu yote imebaki kichwani mwake. Naomba apewe kipaza sauti atuelezee dada yake alivyokuwa akicheka, tumrekodi, tupate cha kuweka ndani ya sanduku.

(Bibi anapokea kipaza sauti. Anakishika kwa mikono miwili. Machozi yanamtoka, neno halitoki. Anakirudisha.)

Asante sana, bibi. Katibu, andika: filamu haina sauti.