Kiapo cha Kubaki

Kwa furaha isiyo kifani, Chuo Kikuu cha Tippet Creek, Indiana, kiliutangazia ulimwengu wa mpira wa kikapu kwamba tatizo la wachezaji kuhamahama limekwisha rasmi. Imeundwa Ofisi ya Kubaki. Mkurugenzi wake ni Daktari Lowell Grissom, na meza yake imeshawasili.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Tangu wachezaji wa vyuo waruhusiwe kulipwa na kuhama wapendavyo, kila msimu ukiisha timu ilifunga virago. Mwaka uliopita waliondoka kumi na wanne kati ya kumi na watano. Kocha naye alikula kona wiki ileile, akaenda kufundisha Texas, ila hilo halikuingizwa kwenye takwimu. Makocha hawahami, hupanda vyeo.

Aliyebaki ni Dewey Hochstetler, mtoto wa wafuga nguruwe, aliyekuwa ameingia mwaka wa nne chuoni na ambaye tangu aje alikuwa amecheza jumla ya dakika kumi na moja. Hakuna chuo kilichomtaka. Ofisi ilimpa cheti cha uzalendo.

Grissom alikuwa na haraka, na sababu anaijua mwenyewe. Chuo kimoja kikubwa cha Ohio kilikuwa kimemwahidi kisirisiri cheo cha Makamu wa Rais wa Uaminifu, pamoja na ofisi yenye madirisha pande tatu, mradi tu awafunge wachezaji wake kwa kiapo cha kutohama kabla msimu haujaisha. Alikuwa ameshachagua hadi mapazia.

Akaandika kiapo. Mwanasheria wa chuo, Bi Fenwick, akakisoma huku akitafuna karanga.

"Ukiwabana wachezaji peke yao, jaji atakichana kabla kahawa yake haijapoa," alisema. "Andika 'mtu yeyote.'"

"Mtu yeyote ni nani?"

"Mtu yeyote, Dokta."

Basi kikasomeka hivi: mtu yeyote anayekula kwa jasho la timu hii, akishatia saini na akagundulika ana mapatano na chuo kingine, atakaa benchi msimu mzima unaofuata, mwisho kabisa, akiwa amevaa jezi, akigawa taulo na kushangilia kwa moyo mkunjufu. Grissom alikisoma kwa sauti mara mbili, akajipenda.

Saini zingetiwa Siku ya Wakongwe. Hiyo ni mechi ya mwisho ya nyumbani, ambapo anayemaliza mwaka wa nne huingia katikati ya uwanja akiwa ameshikana mkono na mama yake, akapewa jezi iliyowekwa kwenye fremu, na mji mzima ukalia. Safari hii mkongwe alikuwa Dewey peke yake. Kamati ya sherehe ikakaa. Baada ya chakula cha mchana ukongwe ukafafanuliwa upya, kwamba miaka hupimwa kwa moyo, si kwa kalenda, na wakongwe wakawa kumi na watano.

Grissom aliagiza pia skrini kubwa inayoning'inia juu ya uwanja ionyeshe, papo kwa papo, sura ya kila anayehama popote nchini, na chini yake maandishi mekundu: HUYU AMEWAKIMBIA WENZAKE. Aliita jambo hilo elimu kwa umma.

Jumamosi mchana uwanja ulijaa watu elfu tisa. Tavion Mabry, mfungaji hodari aliyechezea vyuo vitatu kwa miaka mitatu, aliingia na mama yake, na fremu yake mkononi.

"Ya tatu hii," mama alinong'ona. "Ukutani hakuna nafasi tena. Tutaitundika bafuni."

Grissom akamsogezea Tavion kalamu. "Tia saini, kijana. Uaminifu hauna bei."

"Ungekuwa hauna bei nisingekuwa hapa," alisema Tavion. "Anza wewe, mzee."

"Mimi?"

"Si umeandika mtu yeyote? Au unatupikia usichokula?"

Watu elfu tisa wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Grissom akatia saini kwa mbwembwe. Hakuwa na wasiwasi wowote, maana sheria za kuhama haziwahusu watu wenye tai.

Kule Ohio walikuwa wakitazama kwenye televisheni. Walipoiona saini, furaha ikawazidi, wakashindwa kungoja. Wakatangaza kwamba wamemwajiri.

Skrini ikawaka. Grissom alionekana akitabasamu, amevaa kofia ya Ohio, na chini yake maandishi mekundu.

Bibi mmoja wa safu ya juu akapaza sauti, "Msaliti we!"

"Hii si kuhama!" Grissom alipiga kelele. "Haya ni mabadiliko ya kimkakati ya kituo cha kazi!"

"Hata mimi," alisema Tavion. "Mara zote mbili. Mkakati mtupu."

Dewey, ambaye huko benchi alikuwa na muda wa kusoma kila kitu, alikifunua kiapo taratibu. "Mwisho kabisa wa benchi, Dokta. Nafasi yangu hiyo. Nimeipasha joto miaka minne."

Grissom akamgeukia mwanasheria. Bi Fenwick alimeza karanga yake kwanza. "Mtu yeyote, Dokta."

Akampigia simu Rais wa chuo cha Ohio. "Tumekuajiri kwa ajili ya kiapo hicho," Rais alisema kwa upole. "Kitumikie kwanza, halafu uje. Madirisha hayaendi popote."

Hakuna mwingine aliyetia saini. Msimu ulipoisha, wachezaji wote walihama. Dewey alihitimu, akapewa Ofisi ya Kubaki pamoja na ile meza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufafanua ukongwe kwa ufupi: mkongwe ni mchezaji au mkaa benchi aliyekuwapo mwaka jana.

Siku ya Wakongwe iliyofuata, kamati ilimtafuta mtu wa namna hiyo, ikampata mmoja. Lowell Grissom, jezi imembana tumboni, taulo begani, aliingia katikati ya uwanja ameshikana mkono na mama yake, Bi Opal, mwenye miaka themanini na sita. Dewey akamkabidhi fremu. Mji mzima ukalia.

"Umecheza dakika ngapi, mwanangu?" Bi Opal aliuliza.

"Hata moja, Mama."

"Sasa fremu ya nini?"

"Ya kubaki."

Skrini ikawaka juu yao. Rais wa chuo cha Ohio alikuwa amehamia chuo cha Florida.

"Lowell," Bi Opal alisema, akikaza macho, "yule si ndiye aliyekuahidi madirisha?"

Grissom aliyasoma maandishi mekundu mpaka mwisho. Kisha akainua taulo, akashangilia kwa moyo mkunjufu, kama kiapo kilivyotaka.