Nishani ya Eliufoo Ina Risasi Zangu Nne

Gidioni E.,
Kijiji cha Kishareni,
S.L.P. Moshi.
29 Novemba 1993

Afande Mkufunzi Mkuu,
Mafunzo ya Mgambo, Tarafa Yetu.

Ndugu Afande,

YAH: NISHANI YA SHABAHA KUPEWA MTU ASIYE NA HESABU

Ningekuamkia shikamoo, lakini nimeulizia nikaambiwa umezaliwa mwaka mmoja na mdogo wangu Eliufoo, kwa hiyo pokea heshima zangu nyingine zote. Mimi ni yule mgambo wa kundi la Septemba, mwenye sweta la kijani, aliyelala kushoto kwa Eliufoo siku ya kulenga shabaha. Nimekaa kimya miezi miwili kwa sababu mlitufundisha nidhamu. Nidhamu imekwisha, sasa naandika.

1. Kila mmoja alipewa risasi tano. Ubao wa Eliufoo ukakutwa na matundu tisa. Wangu haukuwa na hata moja. Ulihesabu mara mbili, kwa ncha ya kalamu, nikikuona, kisha ukampa mkono na kumbandika nishani ya Mlenga Shabaha Bora mbele ya kijiji kizima. Afande, mtoto wa darasa la pili angeuliza yale manne yametoka wapi. Wewe uliniuliza mimi risasi zangu zimekwenda wapi, kwa sauti ya kuchekesha watu, na watu wakacheka kweli, mke wangu Tabitha akiwemo. Zilikwenda kwa Eliufoo, afande. Ndiyo malalamiko yangu.

Najua utasema nne si tano. Nimelifikiria sana jambo hilo nikichuma kahawa, na nimeridhika kwamba risasi zangu mbili zilipita tundu moja. Na huo, kwa mtu anayeelewa kazi, ni ufundi zaidi. Mwalimu Yuditha, aliyelala upande wa pili wa Eliufoo, naye ubao wake ulikuwa mweupe, lakini yeye alifumba macho yote mawili na alikuwa anasali kwa sauti, hivyo tusimhesabu.

2. Kupiga ubao ulio mbele ya pua yako ni kazi gani? Hata ng'ombe akielekezwa atapiga. Mimi nimepiga ubao wa mwenzangu, kwa mshazari, huku kiwiko chake kiko mbavuni mwangu. Kwa haki ninastahili nishani iliyo juu ya ile. Kama haipo, jeshi lianze kuitengeneza.

3. Eliufoo anaivaa nishani hiyo kukamulia ng'ombe. Anaivaa juu ya koti la mvua. Kanisani, wakati wa sadaka, anasimama mbele ya kikapu mpaka waliokaa nyuma waione, ndipo anatoa. Wiki iliyopita nyani waliingia kwenye mahindi, akarusha jiwe, akampata kuku wangu. Nilipomlalamikia alisema kuku ndiye aliyekuwa anamlenga. Mtu mwenye nishani huwezi kumbishia.

4. Hili ndilo hasa linalonifanya niandike. Krismasi ukoo wetu wote unarudi nyumbani, kutoka Dar, Arusha, hata Nairobi kupitia mpaka wa Holili, na mbuzi anachinjwa kwenye kihamba, shamba la urithi la marehemu baba. Kidari ni cha mkubwa wa nyumba, shingo ni ya mdogo wake. Baba alinikabidhi kisu na kidari kwa mdomo wake mwenyewe, na nimekila miaka kumi na mmoja bila mtu kuguna. Mwezi huu kwenye kikao cha ukoo baba mkubwa Ndelilio aliitazama ile nishani, akaigusa kwa kidole, akasema: "Mtu aliyevishwa na serikali hawezi kupewa shingo."

Kwa hiyo kidari kimehamia kwa Eliufoo, na shingo imekuja kwangu. Afande, iliniuma. Iliniuma mbele ya watoto wangu. Wageni watanikuta nimeshika shingo ya mbuzi kama mkwe aliyekuja bila taarifa, na kila mmoja ataniuliza nimefanya nini.

5. Kwa hiyo naomba:

(a) Eliufoo avuliwe nishani gwaridani, kabla ya Krismasi, ngoma ikipigwa.

(b) Ule ubao uletwe kwenye ukoo, matundu yangu yakiwa yamezungushiwa kalamu nyekundu, lile la risasi mbili lizungushiwe mara mbili.

(c) Kama nishani ni chache, basi tuivae kwa zamu kulingana na matundu. Yeye ana matano, achukue Jumatatu hadi Alhamisi. Mimi nina manne, nichukue Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Krismasi mwaka huu ni Jumamosi, jambo ambalo limetokea tu.

Nisalimie mama watoto wako, mpishi wa kambi, na yule koplo wa filimbi. Tabitha anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Nabaki wako katika utii na maumivu,
Gidioni E.

Nyongeza, 3 Desemba:

Afande, barua hii ilikuwa mfukoni nikingoja mtu wa kuteremka Moshi mjini. Sasa mvua za vuli zimekolea, na tangi la bati la usharika wetu, lililo kilimani juu ya uwanja wa shabaha, halijai. Lilikuwa tupu tangu kiangazi, hakuna aliyelitazama. Jana limekutwa na matundu ya risasi. Ni matano. Mchungaji ameita wanaume wote waliokuwa mgambo Jumapili baada ya ibada, na amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

Kwa hiyo futa yote niliyoandika. Yale tisa ni ya Eliufoo, na haya matano nayo akiongezewa sitapinga. Kisu nimeshampelekea. Shingo ni nyama nzuri tu.

Ningeichana barua, lakini stempu nimeshabandika, na kuna neno moja limenikaa kooni. Soma wewe peke yako, kisha uichome. Yale matundu matano yamekaa pamoja, afande, jinsi mlivyotufundisha kulenga. Nimeyapima mwenyewe wakati wenzangu wamefuata ndoo. Kisosi kimoja cha chai kinayafunika yote, na sina hata mtu mmoja wa kumwambia.