Udi Ndani ya Friza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Habari mbaya hapa kijijini Quitunda. Keshokutwa anakuja Dona Josefina, mkaguzi wa afya, kukagua maziwa na aiskrimu tunazouza. Asiyepata karatasi yake hauzi tena. Na friza yangu imejaa nyama ya Idd ya mtaa mzima! Nani atamkatalia jirani nyama ya kuchinja? Labda Wahida wa ng'ambo ya njia, mshindani wangu. Eti friza yake ni ya sorvete tu, yaani aiskrimu. Maringo matupu. Mke wangu Alima kanishauri nirudishe nyama kwa wenyewe, nisugue friza, nichemshe maziwa. Kazi ya punda. Mimi nina akili.

Jumanne, 10 Juni
Wahida kaenda sokoni. Nikaihamishia nyama yote kwake. Nikamwambia mama yake, bibi wa watu asiyeona vizuri, kwamba majirani wameomba ihifadhiwe hapo. Akaniombea dua. Nikaona haya, lakini kidogo.

Ikabaki harufu. Nyumba ikinuka tunafanyaje? Tunafukiza. Basi nikatia chetezo chenye makaa na udi ndani ya friza, nikafunika. Plastiki imejikunja pembeni, si sana. Alima alipofunua aliniomba nitoke jikoni.

Jumatano, 11 Juni
Ushindi! Dona Josefina kafungua friza yangu, kapiga chafya. Akauliza kama nimemficha bi harusi humo. Akaonja aiskrimu, akasema inamkumbusha misa ya Pasaka kwao Mueda. Nikamwambia ndiyo ladha yetu mpya. Akauliza kama maziwa yamechemshwa. Alima akajibu kwa upole kwamba kayachemsha mwenyewe, friza kaisugua, ila udi umegoma kutoka, na ile aiskrimu yangu ya juzi kaimwaga, katengeneza nyingine. Ndiyo kwanza nasikia. Karatasi nikapewa mimi, si yeye.

Kwa Wahida mkaguzi kakuta nyama hadi kwenye kifuniko. Akamzuia kuuza mpaka asafishe. Mama yake akamweleza nani kaileta, Wahida akanigeukia. Nilimtabasamia.

Ijumaa, 13 Juni
Wahida kasafisha, karuhusiwa. Nyama yote kanirundikia mlangoni watu wakitoka msikitini. Sikujali, maana Mzee Abacar alikuwa kwangu anaagiza ndoo nzima ya aiskrimu ya udi kwa harusi ya bintiye Nuria. Mtaa mzima unaisifia! Sijapata kufurahi hivi.

Alima anasema kilichoniokoa ni sabuni na maziwa ya kuchemsha. Nimemwacha aamini hivyo. Latifo mvuvi kaja na samaki wake, changu, kuomba nafasi; ningemkataliaje, jirani? Nyama nimeipanga chini, samaki katikati, ndoo ya harusi juu. Karatasi ya Dona Josefina nimeibandika kwenye kifuniko, kila mtu aione.

Maziwa ya harusi sikuyachemsha. Mkaa uliobaki ni wa chetezo.