Joho la Hariri la Mzee Tojimat

Jumapili, 12 Mei
Siku ya ishirini tangu tufukuzwe ndani. Viwavi wa hariri tunaowafuga walianza na chumba cha wageni. Wakachukua chumba cha kulala. Jana wamechukua ukumbi. Sisi tunalala uani chini ya mzabibu, mimi na miaka yangu sabini na miwili, kama mbuzi. Wao wana jiko la mkaa. Mimi nina umande.

Ndani siruhusiwi kuingia. Mke wangu Hayriniso anasema viwavi wa hariri hawapendi harufu ya ugoro. Nikamwambia hata yeye haipendi, miaka arobaini na tisa sasa, na hakunifukuza. Akasema alikuwa hajapata sababu nzuri.

Nimekata matawi ya mforsadi, chakula chao, safari nne leo. Mgongo sina tena.

Jumatano, 15 Mei
Njaa kuu imeanza! Wameamka usingizi wao wa nne wa kubadili ngozi na sasa hawana adabu. Ukisimama mlangoni unawasikia: vibogoyo elfu ishirini wanatafuna matango. Ukipeleka majani, ukigeuka, vimebaki vijiti.

Umurzak, jirani yetu, alichungulia juu ya ukuta. Akaniambia viwavi wake wamenenepa kama vidole vya mwokaji mikate. Akauliza wangu ni viwavi au ni nyuzi zinazotembea. Huyu mtu ana joho la hariri la mistari, na kwa ajili ya joho hilo kila harusi anaketishwa mbali na mlango, penye heshima. Mimi huketi wanapovulia viatu.

Mjukuu wangu Muhayyo anaolewa Agosti. Hayriniso ameshaamua: vifuko vyote watakavyosokota viwavi viende kituo cha kununulia hariri, isipokuwa vikapu viwili vya vile bora kabisa. Hivyo ni vya gauni la Muhayyo. Vikapu viwili ndiyo gauni, kimoja na nusu ni gauni la mwanasesere. Kasema hivyo akiniangalia mimi. Kwa nini mimi?

Jumatatu, 20 Mei
Wamepanda. Mwili umekuwa kama nta, chakula wamekataa, wote wamepanda kwenye vichaka vikavu tulivyowasimamishia na wanasokota. Kijiji kizima kinanong'ona, wasishtuke. Nilipiga chafya. Hayriniso alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Nimelala mchana kutwa. Nikaota nimekaa mbali na mlango.

Jumanne, 28 Mei
Tumechuma vifuko. Vyeupe, vigumu, ukikitikisa kifuko unasikia mdudu anagonga ndani. Wanawake wamekaa wanachambua: bora huku, vyenye madoa kule, na vile viwavi wawili walivyojifungia pamoja, ambavyo uzi wake hauvutiki, pembeni.

Nilivitazama hivyo vya pembeni kwa muda mrefu. Kwa nje ni vinene, vizuri. Ukivifunika na vichache bora juu, nani atajua?

Kikapu kimoja cha bora kinatoa joho. Nimepima kwa macho. Lenye mistari ya kijani.

Jumatano, 29 Mei
Kazi imekwisha! Hayriniso alinituma mjini Margilan na vikapu viwili: kwanza vipigwe mvuke ili mdudu afe, kisha kwa mama anayevuta uzi. Nimepeleka viwili kama nilivyoambiwa. Kimoja halali. Cha pili juu bora, chini takataka.

Kikapu changu, cha vile bora nilivyovitoa, kiko ndani ya sanduku, chini ya magodoro ya baridi. Nani anafunua magodoro ya baridi kiangazi? Kukipiga mvuke sikuthubutu, yule bwana wa mvuke ni shemeji yake Umurzak. Lakini sina haraka. Mdudu hugeuka nondo na kutoboa kifuko baada ya wiki mbili na ushee. Tangu jana hadi tarehe kumi na mbili nina nafasi. Mdudu alale, na mimi nilale.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Mama wa uzi amekuja mwenyewe, mikono bado myekundu kwa maji ya moto. Kasema kikapu cha kwanza kimetiririka kama maombi, kifuko baada ya kifuko, uzi haukatiki. Cha pili kimekatika mara mia. Akamuuliza Hayriniso kama amemkosea jambo lolote, aambiwe tu wazi.

 Hayriniso alimtilia chai. Kisha akaniita kwa jina la mwanetu, taratibu sana, “Baba Odil, kesho asubuhi ninataka kukiona kikapu changu.” Akaenda kulala. Nilijua kwamba anajua.

Sawa. Nitakirudisha. Joho basi.

Alhamisi, 6 Juni
Nilifungua sanduku.

Nilihesabu tangu siku tuliyochuma. Wao walihesabu tangu siku waliyopanda.

Nondo! Nondo kila mahali, weupe, wanene, hawawezi kuruka, wanatembea tu juu ya magodoro wakitetemesha mabawa na kuoana bila haya mbele ya mtu mzima. Kila kifuko kina tundu. Kifuko kilichotobolewa hakivutiki uzi, kinafaa kujazia mto.

Hayriniso alikaa chini kwenye kizingiti. Bora angepiga kelele. Aliuliza tu miaka mingapi nilitaka kungoja kabla ya kumwambia kuwa nataka joho.

Muhayyo akaja. Alianza kuwaokota nondo mmoja mmoja kutoka kwenye godoro, kwa upole, akiwaweka kwenye sinia. Akasema, “Babu, ungeniambia. Ningevaa mikono mifupi.”

Ugoro umenishinda leo.

Jumamosi, 8 Juni
Umurzak, aliyesikia yote juu ya ukuta, amekuja na kikapu kichwani. Vifuko bora, vimeshapigwa mvuke. Alikuwa amebakiza kwa ajili ya binti yake, lakini wa kwake anaolewa mwakani. Kasema mtoto wa jirani ni mtoto wake, na hataki chochote. Hakuna dharau inayozidi hiyo! Hayriniso alilia. Muhayyo alimbusu Umurzak mkono. Wamekubaliana rangi: nyuzi zifungwe na kutiwa nyekundu na njano kabla ya kufumwa, na mfumaji awe na kitambaa tayari kabla ya matikiti kuiva.

Akiwa langoni Umurzak akanigeukia. “Mzee Tojimat, siku ya harusi utakaa pamoja nami, nitakusogezea nafasi.” Kanisogezea! Kwenye harusi ya mjukuu wangu!

Nilimshukuru. Nilijisikia mzee sana. Nikajiapia mbele ya Mungu kuwa hila basi.

Jumatatu, 10 Juni
Nilipokuwa nikifua magodoro, kwa amri, niliona kwamba foronya moja nondo wameitagia yote. Mayai madogo kama mbegu za figili, mamia kwa mamia. Bure! Hakuna aliyeyaona.

Nimeikata foronya nimeifunga tumboni, chini ya shati, yapate joto. Hayriniso anadhani ni tumbo linaniuma kwa majuto. Amenipikia supu.

Viwavi wakitoka, nitawalea mwenyewe bandani, kimya kimya. Joho la kijani, kabla ya Agosti. Shida ni majani, maana miforsadi yetu imebaki vijiti. Lakini nimeangalia vizuri leo jioni. Ya Umurzak imechipua upya, na upande ule ukuta wake ni mfupi.